Mpira hubeba ujumbe wa nani? Jibu kwa msomaji wa Mtoni

Swali lenyewe ni hili: "Habari za kazi mtaalamu. Nasoma uhusiano wa kimataifa pale Kurasini na nakaa Mtoni kwa Aziz Ali, kelele za Uwanja wa Mkapa nazisikia nikiwa ndani. Darasani tunaambiwa michezo ni diplomasia, lakini mfano ni uleule wa mpira wa meza wa China na Marekani. Naomba kueleweshwa: nchi inapata nini hasa ikijengea wenzake uwanja, ikiandika jina lake kwenye jezi ya klabu ya Ulaya, au ikisusia mashindano? Na sisi tutakaopokea AFCON 2027 pamoja na Kenya na Uganda, tufanye nini tusije tukabaki na nyasi tu?"

Ndugu yangu, tuanze na huo huo mfano wa mpira wa meza, maana unavyosimuliwa ndivyo unavyopotosha. Aprili 1971, kwenye mashindano ya dunia kule Nagoya, Japani, Mmarekani Glenn Cowan alipanda basi la timu ya China. Zhuang Zedong, aliyekuwa bingwa wa dunia mara tatu, akampa zawadi ya picha ya hariri yenye milima ya Huangshan. Waliposhuka, wapiga picha walikuwepo. Kiongozi wa China, Mao, akaagiza Wamarekani waalikwe, na tarehe 10 Aprili timu ikaingia China. Hapo ndipo masimulizi mengi yanaporuka hadi Rais Nixon wa Marekani kutua Beijing Februari 1972, kana kwamba vibao vya mpira wa meza ndivyo vilivyomsafirisha.

Kinachorukwa ndicho chenye somo. Washington na Beijing walikuwa wameshaanza kupelekeana salamu kupitia Pakistan. Tarehe 14 Aprili, timu ikiwa bado China, Nixon alitangaza kulegeza vikwazo vya biashara. Karatasi za namna hiyo haziandikwi kwa siku nne. Kila upande ulitaka kusogea, ila hakuna aliyetaka kuonekana ndiye aliyebisha hodi. Vijana wa mpira wa meza waliwapa njia ya kusogea hadharani bila mmoja kuitwa mwombaji. Ama kiti cha China Umoja wa Mataifa, hicho kilipatikana kwa kura tarehe 25 Oktoba 1971, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoleta azimio. Balozi wetu pale New York alikuwa Salim Ahmed Salim, ambaye chuo chenu leo kina jina lake. Kura zile zilitafutwa kwenye korido za New York, na hakuna mpira uliochezwa.

Kwa hiyo mchezo hubeba ujumbe ambao watu wengine wameshautunga. Ukilishika hilo, mifano mingine inakaa sawa. Didier Drogba anasifiwa kwamba alimaliza vita Côte d'Ivoire. Ni kweli kwamba mechi ya Juni 2007 dhidi ya Madagascar ilipelekwa Bouaké, ngome ya waasi, na wenyeji wakashinda 5-0. Lakini makubaliano ya Ouagadougou yalikuwa yameshasainiwa Machi mwaka huohuo. Mechi iliyatangaza kwa watu ambao wasingesoma mkataba. Siasa zilipoharibika tena baada ya uchaguzi wa 2010, mapigano yalirudi na hakuna bao lililoyazuia. Upande wa pili ni hivyohivyo: vita vya Honduras na El Salvador vya 1969 vimepachikwa jina la mpira, ilhali chimbuko lake lilikuwa ardhi na mamia ya maelfu ya wahamiaji wa Salvador waliokuwa wakifukuzwa Honduras.

Sasa kususia. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu mji huu una historia ambayo vitabu vya wenzetu huipitia juu juu.

Mwaka 1976 timu ya raga ya New Zealand ilizuru Afrika Kusini, siku chache tu baada ya watoto wa Soweto kupigwa risasi Juni 16. Nchi za Afrika ziliitaka Kamati ya Olimpiki ya Kimataifa iizuie New Zealand kushiriki Montreal. Kamati ikajibu kwamba raga si mchezo wa Olimpiki, haiwahusu. Zaidi ya nchi 20 zikaondoka, Tanzania ikiwemo. Gharama yake kwetu ina jina: Filbert Bayi. Huyu ndiye aliyeweka rekodi ya dunia ya mita 1500 kule Christchurch, Februari 2, 1974, kwa dakika 3 na sekunde 32.16, huku John Walker wa New Zealand akimfukuzia hadi utepe. Dunia nzima ilisubiri wakutane tena Montreal. Walker alikimbia peke yake, kwa maana hiyo, akachukua dhahabu kwa 3:39.17, muda ambao Bayi alikuwa ameupita kwa sekunde saba.

Je, ililipa? Ndiyo, na sababu zake zinaeleweka. Dai lilikuwa moja, fupi, tena la kimichezo: msicheze na makaburu. Kulikuwa na chombo kilichojiandaa miaka kumi kabla, Baraza Kuu la Michezo Afrika lililoanzishwa 1966, hivyo nchi haikuamua peke yake usiku wa manane. Na aliyesusia alilipa kwa mfuko wake mwenyewe, jambo linalomfanya aaminike. Juni 1977 viongozi wa Jumuiya ya Madola walikubaliana Gleneagles, Scotland, kukatisha tamaa mahusiano ya kimichezo na Afrika Kusini. Usisahau pia kwamba Wazungu wa Afrika Kusini waliipenda raga kama sisi tunavyoipenda Simba na Yanga. Kumnyima mtu asichokipenda hakumuumi.

Miaka minne baadaye Marekani ilijaribu kuazima silaha ileile. Urusi ya Kisovieti ilikuwa imeingia Afghanistan Desemba 1979, Rais Carter akataka dunia isusie Olimpiki ya Moscow. Ili kuishawishi Afrika, Februari 1980 alimtuma bondia Muhammad Ali. Kituo cha kwanza kilikuwa Dar es Salaam. Kwenye karatasi mpango ulipendeza: Mwislamu, mtu mweusi, kipenzi cha Afrika. Uwanja wa ndege umati ulimshangilia. Mwalimu Nyerere hakukubali kuonana naye. Kumtuma mwanamichezo kujadili sera ya nje na mkuu wa nchi kulionekana ni dharau, na waandishi wa hapa wakamuuliza swali ambalo hakuandaliwa: Marekani ilikuwa wapi 1976 Afrika ilipoomba kuungwa mkono? Ali alikiri kwamba historia hiyo hakuelezwa. Akaendelea Kenya, Nigeria, Liberia na Senegal, lakini safari ilikuwa imeshavunjika goti hapa.

Tanzania ikaenda Moscow. Bayi akapata fedha mita 3000 kuruka viunzi na maji, Suleiman Nyambui akapata fedha mita 5000 nyuma ya Miruts Yifter wa Ethiopia. Mpaka leo hizo ndizo medali mbili pekee za Olimpiki tulizonazo. Majeshi ya Kisovieti yaliondoka Afghanistan 1989. Ukiandika tasnifu, zilinganishe 1976 na 1980 sentensi kwa sentensi. Dai la 1980 lilikuwa kubwa mno kwa chombo kilichotumika: hakuna dola litakaloondoa jeshi kwa sababu ya kukosa wakimbiaji. Mjumbe alikuwa mashuhuri, ila hakuwa na cheo, hakuwa na taarifa na hakuwa na kitu cha kutoa mezani. Kosa hilo la pili, la kukosa taarifa, ndilo linalorudiwa mno hadi leo. Nchi humpa mchezaji cheo cha "balozi", ikampiga picha, ikamwacha bila hata ukurasa mmoja wa maelezo kuhusu maswali atakayoulizwa.

Twende kwenye jezi. Mei 2018 Rwanda kupitia Bodi yake ya Maendeleo iliingia mkataba na Arsenal, maneno "Visit Rwanda" yakakaa kwenye mkono wa jezi. Kiasi kilichoripotiwa ni takriban paundi milioni 10 kwa mwaka. Tupige hesabu ya dukani. Kwa thamani ya wakati ule ni kama dola milioni 13. Kibali cha kuona sokwe wakubwa wa milimani (gorila) Rwanda kilikuwa dola 1,500 tangu 2017. Gawanya: vibali kama 8,700 ndivyo vinavyolipa mkono mmoja wa jezi kwa mwaka mmoja, kabla hujalipia kitu kingine. Na cha kulipia kipo. Wauzaji wa matangazo ya michezo wanajua kwamba kwa kila shilingi ya haki ya kuweka jina, unahitaji angalau shilingi nyingine ya kulifanya jina hilo lifanye kazi: filamu, ziara za wachezaji, maonyesho ya utalii, ofisi ya kupokea simu za mawakala. Anayelipia nembo peke yake amenunua kibao cha duka ambalo hajalijenga.

Rwanda duka ilikuwa nalo, na hilo ndilo wanaoiga hulisahau. Kulikuwa na ndege ya taifa, ukumbi wa mikutano Kigali, uwanja wa ndani uliokuja kupokea ligi ya kikapu ya BAL. Ikaongeza PSG Desemba 2019, Bayern Munich Agosti 2023, na Septemba 2025 ikapokea mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani, ya kwanza kufanyika Afrika. Kwa nchi ndogo isiyo na bahari, kuwa jina linalotamkwa sebuleni London kila Jumamosi ni ushawishi ambao balozi mmoja hawezi kuuleta.

Ila mkono wa jezi hauchagui habari za kubeba. Januari 2025 waasi wa M23, ambao Rwanda inatuhumiwa kuwaunga mkono, walipoiteka Goma, mashariki mwa Kongo, Waziri wa Mambo ya Nje wa Kongo aliziandikia klabu zote tatu akizitaka zivunje mikataba. Mashabiki wa Arsenal wakaanza kampeni yao, wengine wakivaa vitambaa vya "Visit Tottenham" kufunika maneno yale. (Anayejua uhasama wa Arsenal na Tottenham ataelewa uzito wa tusi hilo, ni sawa na mwana Jangwani kujifunga kitambaa cha Msimbazi.) Agosti 2025 Bayern iliacha udhamini wa kibiashara ikabaki na mpango wa kukuza vijana, na Novemba Arsenal ikatangaza kwamba mkataba utaishia mwisho wa msimu wa 2025/26. Rwanda haikulala, ikahamia kwa timu za Marekani, Clippers na Rams za Los Angeles. Na Kongo iliyokuwa ikilalamika? Mwaka huohuo ikasaini na Monaco, AC Milan na Barcelona, hii ya mwisho kwa miaka minne na zaidi ya yuro milioni 40. Majirani wawili wakawa wanagombana kwa mikono ya jezi za Wazungu, na kila mmoja analipa. Maoni yangu ni kwamba Kongo imenunua dawa ya mgonjwa mwingine. Rwanda ilikuwa na kibali cha dola 1,500 cha kuuza. Mgeni anayevutiwa na jezi ya Barcelona, Kongo itampeleka wapi wiki hiyohiyo?

Kabla hujauliza kuhusu sisi: Februari 2021 Simba iliingia uwanjani dhidi ya Al Ahly ikiwa na "Visit Tanzania" kifuani, ikashinda 1-0 kwa bao la Luis Miquissone, na Wamisri nyumbani kwao wakayasoma maneno hayo dakika tisini. Klabu yako mwenyewe ikifika mbali kwenye mashindano ya CAF inakupa kitu ambacho Arsenal haiwezi kukupa, yaani mashabiki wa nchi jirani wanaokuja wenyewe kwa ndege na basi. Kasoro ya njia hii ni kwamba haina uhakika. Ukitolewa hatua ya awali, tangazo limeisha.

Nchi za Ghuba nitazipitia haraka kwa sababu fedha zao si somo letu. Qatar iliinunua PSG 2011, na Agosti 2017, miezi miwili baada ya Saudi Arabia, Falme za Kiarabu, Bahrain na Misri kuizingira, ikamleta Neymar kwa yuro milioni 222. Ulikuwa ujumbe kwa majirani: hatujafilisika na hatuko peke yetu. Kombe la Dunia la 2022 lilivuta macho ya dunia hadi kwenye mabweni ya vibarua, Qatar ikalazimika kurekebisha sheria ya kazi na kuweka kima cha chini cha riyali 1,000 kuanzia Machi 2021. Watu huita mambo haya kusafisha jina kwa michezo. Neno hilo lina ukweli nusu. Taa unayoiwasha ili uonekane humulika na uvungu wa kitanda. Saudi Arabia, waliothibitishwa kuwa wenyeji wa 2034, watalijua hilo.

Uwanja wa jirani yako sasa. China ilisaidia kujenga Uwanja wa Amaan, Zanzibar, uliofunguliwa 1970. Uwanja wa Mkapa, ulioanza kutumika 2007 ukiwa na viti 60,000, ulijengwa na mkandarasi wa Kichina kwa fedha za serikali yetu zikichangiwa na China. Uwanja mpya wa Arusha wa watu 30,000 kwa ajili ya AFCON nao umepewa kampuni ya Kichina, ila safari hii ni kazi ya zabuni inayolipwa na Tanzania. Umeuona mstari? Zawadi, kisha mchango, kisha biashara. Kampuni iliyojenga kwa msaada inabaki na mitambo, mafundi, wakalimani na simu za watu wizarani. Zabuni inayofuata inamkuta keshapiga kambi. Hakuna uovu hapo, ndivyo inavyofanya kazi, na ndiyo maana Amaan ulipofanyiwa ukarabati mkubwa 2023 na kampuni ya Kituruki, ilikuwa habari pia kwa wanaofuatilia mambo ya nje.

Anayepokea uwanja akague mambo ambayo hayapo kwenye picha ya uzinduzi. Vipuri vya taa na jenereta vinatoka wapi, na nani hapa anajua kuvifunga? Mkataba wa mafunzo ya mafundi una miezi mingapi? Nani analipa maji na mashine ya kukata nyasi mwaka wa tano? Aprili 30, 2023 taa za Mkapa zilizimika Yanga ikicheza na Rivers United ya Nigeria kwenye robo fainali ya Kombe la Shirikisho, na maofisa wakasimamishwa kazi. Machi 2025 CAF iliufungia uwanja kwa sababu ya eneo la kuchezea. Mei mwaka huohuo mechi ya pili ya fainali ya Kombe la Shirikisho, Simba na RS Berkane ya Morocco, ikahamishiwa Amaan. Nyasi asilia zinavumilia mechi mbili kwa wiki zikipata mchanga, maji na mapumziko. Ukiongeza ligi, kimataifa, matamasha na mikutano ya hadhara juu yake, na mvua za masika zikishuka, mizizi inaoza. Fainali ya bara ni siku ambayo ungewaalika mawaziri na wawekezaji wa Morocco jijini. Ukiikosa kwa sababu ya nyasi, hasara yake haipo kwenye mapato ya mlangoni peke yake.

Si lazima iwe saruji nyingi. Japani imejenga uwanja wa besiboli pale Azania Sekondari, na kupitia shirika lake la JICA ikaunga mkono mashindano ya riadha ya wanawake yaliyoanza hapa jijini Novemba 2017, kwa msukumo wa Juma Ikangaa, mwanariadha wetu ambaye Wajapani wanamjua kuliko vijana wengi wa Dar. Gharama ni ndogo, lakini mwalimu na mwanafunzi wanabaki. Linganisha na Brazil waliotufunga 5-1 Juni 2010, Everton waliokuja Julai 2017, Sevilla waliocheza na Simba Mei 2019. Furaha ilikuwepo, na bao la mbali la Wayne Rooney bado linatajwa vijiweni. Baada ya ndege kuondoka kulibaki nini cha kufuatilia?

Jambo moja dogo ambalo wanafunzi wa diplomasia hulipuuza ni uanachama. Machi 2017 CAF iliipokea Zanzibar kuwa mwanachama wa 55; Julai ikaifuta, kwa hoja kwamba si nchi yenye kutambuliwa kivyake. Kwa upande mwingine, Kosovo iliingia FIFA na UEFA Mei 2016 ingawa haimo Umoja wa Mataifa. Orodha ya shirikisho la mpira ni orodha ya kutambuliwa, na ndiyo maana hata jezi inaweza kuwa ramani. Berkane hao hao waliocheza na Simba, Aprili 2024 walifika Algiers wakiwa na jezi zenye ramani ya Morocco iliyoijumuisha Sahara Magharibi. Forodha ya Algeria ikazizuia, mechi na USM Alger haikuchezwa, CAF ikawapa Berkane ushindi wa 3-0.

Hapo ndipo nianze kukujibu kuhusu AFCON 2027. Timu 24 zitakuja na ugomvi wao mikobani. Wenyeji wanahitaji ofisa mmoja wa Mambo ya Nje kila mji, anayekaa na kamati ya mashindano, mwenye kazi ya kuona mambo haya kabla hayajafika uwanjani: jezi, bendera, wimbo wa taifa, jina la nchi kwenye ubao. Kwenye Olimpiki ya London 2012, pale Glasgow, timu ya wanawake ya Korea Kaskazini ilionyeshwa kwenye skrini na bendera ya Korea Kusini. Wakatoka, mechi ikachelewa kama saa nzima. Dawa yake ni karatasi moja: meneja wa kila timu asaini bendera na wimbo saa 24 kabla, na faili hilohilo ndilo litumike kwenye skrini, bila mtu kutafuta picha kwenye intaneti dakika za mwisho.

Uwanja wa ndege ni mahali pa pili. Oktoba 2024 ndege ya timu ya Nigeria, iliyokuwa ikienda kucheza na Libya, ilielekezwa Al-Abraq badala ya Benghazi, wachezaji wakalala uwanjani bila huduma, wakarudi kwao bila kucheza. CAF iliwapa Nigeria pointi na kuitoza Libya faini ya dola 50,000. Faini ilikuwa ndogo, aibu ndiyo ilikuwa kubwa. Kwa uwanja wetu wa Julius Nyerere ninamaanisha dirisha la timu, watu wa uhamiaji wanaosema Kifaransa, Kiarabu na Kireno, na vyeti vya homa ya manjano kukaguliwa kabla timu haijapanda ndege kwao.

Viza ni kazi inayotakiwa kuanza mapema kuliko zote, kwa kuwa inahitaji nchi tatu kukubaliana. Kenya, Uganda na Rwanda zina viza moja ya utalii tangu 2014, Tanzania haimo. Shabiki wa Senegal au Algeria anayefuata timu yake kutoka Kampala hadi Dar kisha Nairobi asilipe na kujaza fomu mara tatu. Kibali kinachofungamana na tiketi, chenye tarehe ya mwisho, kinatosha, na Namanga, Sirari na Mutukula wawe na mashine za kukisoma. Kwenye CHAN ya Agosti 2025, mashindano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za ndani, iliyofunguliwa hapa Mkapa, tuliona Nairobi mashabiki wakivunja mageti Kasarani na CAF kupunguza idadi ya watu walioruhusiwa kuingia. Kosa la nchi mwenyeji mmoja litawapaka wote watatu, kwa hiyo mafunzo ya walinzi wa majukwaani yawe na mtaala mmoja.

Halafu jukwaa kuu. Tiketi zake hugawanywa kama pilau ya harusi, na anayepata ni anayejuana. Wizara ingeandaa orodha kwa kila mechi wiki mbili kabla: nani anakuja na timu ya Misri, ana shughuli gani na sisi ambayo haijakwisha, akae karibu na nani. Mapumziko ni dakika 15. Hazitoshi kujadili mkataba, zinatosha kusema "Tukutane kesho saa nne", na ofisa aliyeko nyuma awe na ukumbi uliokwishapangwa. Barua ya kufuatilia itoke ndani ya siku tatu, kabla mgeni hajasahau sura.

Kupima mafanikio, waache wenye kutaja "watazamaji mabilioni". Weka namba za kuanzia sasa hivi, mwaka mmoja kabla: wageni wangapi huingia kutoka nchi za Kiarabu na Afrika Magharibi, safari ngapi za ndege za moja kwa moja, makampuni mangapi yameulizia. Kwenye fomu ya uhamiaji ongeza swali la kilichomfanya mgeni aje. Rudia 2028 na 2029. Na kwenye bajeti ya mashindano, kabla ya fataki za uzinduzi, uwepo mstari wa mishahara ya watunza nyasi wa Mkapa, Arusha na Amaan hadi 2030, ukiwa na jina la ofisi itakayoilipa.